Kanisa la Mombasa Lililotoweka

Sisi wa Kilimatinde, tukaao juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mbali na bahari, twazoea kudhani ya kuwa Ukatoliki katika nchi hizi ulianzia Unguja na Bagamoyo katika karne ya 19. Msomaji mpenzi, hebu turudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili na hamsini, mpaka Mombasa.

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1597 walifika Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino, wakajenga mjini nyumba ya watawa na kanisa. Ngome nayo ilikuwa na kanisa lake ndani.

Mwaka 1614 Sultani Hasan aliuawa barani kwa hila ya kapteni Mreno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka 7 hivi, alipelekwa huko huko, akalelewa na Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, na mwaka 1626 akarudishwa kuwa mfalme. Wengi waandikao habari zake humlaani mwana na kumruka baba. Sisi hatuoni haki kumruka.

Mwezi Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaukana Ukristo. Wakristo wa mjini walikimbilia nyumba ya Waagustino. Wakaambiwa wasilimu au wafe. Wakauawa karibu watu 300: mapadre, Wareno pamoja na wake zao na watoto wao, na Waafrika waliobatizwa. Hawa wa mwisho hawakuwa na Ureno wa kuutetea. Walikuwa na ubatizo tu. Mwaka uliofuata Kanisa la Goa lilikusanya ushahidi wa vifo vyao.

Yusuf aliiacha ngome mwaka 1632, Wareno wakarudi. Lakini Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696, wakaiteka Desemba 1698. Baadaye ngome ikawa gereza, mpaka mwaka 1958, James Kirkman alipoanza kuchimba humo. Leo ni makumbusho, na uani mgeni aweza kuiona misingi ya kanisa la ngomeni. Lile la mjini, walilokuwa wakisali mashahidi wale, halisimami tena.