Bustani ya Nyumbani: Majani Yazikwe, Yasichomwe

Ndugu mwanachama, huenda nawe yamekufika haya: kitalu cha mchicha kilichokuwa kikijaza kapu sasa kina majani madogo ya manjano, na maji ya kila jioni hayaleti nafuu. Geuza jani utazame chini yake. Kama hapana mdudu, yaelekea udongo umechoka. Kila tukipalilia tunayatia magugu moto, na chakula cha udongo huenda na moshi.

Somo tulipate Bara, kwa Wafipa wa Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa. Nchi yao ni uwanda wa juu baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wenye majani mengi na miti michache. Kwa desturi yao ya zamani, mvua zikikaribia kwisha, mkulima hukata udongo pamoja na majani yake, akaupindua majani yaelekee ndani, akafanya kilima cha mviringo, ndicho ntumba. Juu yake hupanda maharage. Mvua za pili zikifika hukitawanya, akapanda ulezi au mahindi.

Kwa nini maharage yatangulie? Majani mabichi yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha hutwaa naitrojeni ya udongo, na mboga hukosa. Mimi nilifanya pupa, nikapanda mchicha wiki mbili baada ya kuzika. Ulitoka manjano kuliko ule wa kwanza. Lakini jamii ya kunde hujipatia naitrojeni hewani, kwa vifundo vya mizizi yake.

Kwetu visiwani, fanya kilima mwezi wa Mei, udongo ungali laini, kwa majani yasiyotoa mbegu. Upana futi 3 watosha. Panda kunde, kwani maharage hupenda baridi ya kule juu. Vuli ikianza, tawanya, ndipo utie mchicha au bamia.

Ukoka na ndago usizike, vitachipua. Vianike juani mpaka vife. Wala usizike tungule ulionyauka ghafla ungali kijani. Kata shina lake, ulining'inize katika gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Mche huo ndio wa kuchoma. Hapo usirudishe tungule, biringani wala pilipili kwa miaka kadhaa. Panda mahindi, na jembe lioshwe kabla halijaingia kitalu kingine.