Zaidi ya Kiingereza cha Kuombea Maji

Umemaliza Kidato cha Nne, labda na cheti cha chuo juu yake. Barua ya Kiingereza ukiletewa unaisoma na kuielewa. Lakini mgeni akikusimamisha njiani kuulizia stendi ilipo, koo linakauka, unacheka kidogo, unamwita mwenzako aje akusaidie. Hali hii imeenea kiasi kwamba mtaani ina jina lake: Kiingereza cha kuombea maji. Wengine wanakata tamaa kabisa na kusema, "kwangu hakipandi."

Kinapanda. Kichwa chako hakina tatizo, na sarufi ulishamwagiwa ya kutosha ubaoni. Kilichopungua ni mazoezi ya masikio na mdomo, pamoja na kujua wapi Kiswahili kinakubeba na wapi kinakutega. Vidokezo hivi ni vya mtu mzima anayejifunza baada ya kazi, ingawa mwalimu naye nimemwekea chake.

1. Piga hesabu kabla ya kulipa ada

Mabango ya "Kiingereza ndani ya miezi mitatu" yamebandikwa kwenye nguzo za umeme kila mji. Cambridge, watunzi wa mitihani ya Kiingereza inayofanywa dunia nzima, wanakadiria kwamba anayeanzia sifuri huhitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa kufika B1, ngazi ya kujimudu katika mazungumzo ya kawaida. Kufika B2, ambapo unaweza kufanya kazi kwa lugha hiyo bila kuhangaika sana, ni saa 500 hadi 600. Sasa darasa la saa moja kila jioni, siku tano kwa wiki, kwa miezi mitatu, linakupa kama saa 65. Ni kweli wewe huanzii sifuri, lakini bango bado linakupiga kamba. Darasa zuri litakupa mwelekeo na watu wa kuongea nao. Saa nyingine zote utazitafuta mwenyewe, ndani ya daladala, jikoni, kwenye foleni ya benki.

2. Anza na jambo unalolijua tayari

Kama wewe ni wa mpira, bahati yako. Jana usiku umeangalia mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza kibanda umiza; unajua nani kafunga, nani kala kadi nyekundu na nani kaboronga golini. Asubuhi soma taarifa ya mechi hiyohiyo kwa Kiingereza. Ukikutana na "equaliser" dakika ya 88, hutafungua kamusi, kwa sababu goli la kusawazisha uliliona kwa macho yako na ukapiga kelele. Habari uliyoijua inakufundisha maneno usiyoyajua, na hapo ndipo lugha inapoingia bila kulazimishwa.

Wa kanisani achukue Biblia kwa njia hiyohiyo, lakini achague tafsiri nyepesi kama Good News. Ile ya King James ni ya mwaka 1611, na ukiishika hiyo utakwenda kwenye usaili wa kazi ukiongea kama mfalme aliyekwisha kuzikwa.

Kwa masikio, BBC wana kipindi kiitwacho 6 Minute English, na dakika zake ni hizo sita kweli. Sauti ya Amerika nayo ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Special English, yaliyosomwa taratibu kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Vipindi vya namna hii pakua siku ukiwa na bando, kisha usikilize kimoja mara nne badala ya vinne mara moja moja.

3. Kitabu kimoja, lugha mbili

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na nashangaa hakitumiki zaidi. Tunavyo vitabu vizuri ambavyo vipo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Things Fall Apart cha Chinua Achebe kilitafsiriwa na Clement Ndulute kikaitwa Shujaa Okonkwo, mwaka 1973. Animal Farm cha George Orwell tunacho tangu 1967 kama Shamba la Wanyama, kazi ya Fortunatus Kawegere. Na Paradise cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi.

Usiku soma sura moja kwa Kiswahili. Kesho yake isome kwa Kiingereza, kamusi ikiwa mbali. Hutaelewa kila neno, wala huhitaji. Hadithi unaijua, akili inajaza mapengo yenyewe. Ukimaliza, funga kitabu na usimulie sura hiyo kwa sauti, kwa Kiingereza chako hichohicho kibovu, hata kama anayekusikiliza ni ukuta.

Ningekushauri uanze na Peponi na Paradise. Kisa ni cha Yusuf, mtoto anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, kisha anaingia naye safari ya bara. Pwani, duka, msafara, watu wanaoamkiana kwa heshima: mazingira ni ya kwetu, kwa hiyo unapambana na lugha peke yake. Riwaya inayotokea kwenye theluji ya Urusi itakupa kazi mbili kwa wakati mmoja.

Utaniuliza, kwa nini tusianze na Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka 1969, tukailinganisha na Shakespeare? Tafsiri ni tamu na inastahili kusomwa. Ila Kiingereza cha Shakespeare kina miaka zaidi ya 400, na mwajiri wako hakiongei.

Asiye na subira ya vitabu atumie filamu. Ile uliyoiona imetafsiriwa na DJ, itafute ya asili yenye maandishi ya Kiingereza chini, uiangalie upya.

4. Zipe irabu haki yake

Kiswahili kina irabu tano, safi, kila moja na herufi yake. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ukihesabu na zile za kuunganika. Matokeo yake sikio letu linazisukumiza zote kwenye vyumba vitano. Kwa Mswahili asiyefundishwa, "bad", "bud", "bird" na "bard" ni neno moja tu: badi. Na "ship" na "sheep" anazitamka sawasawa, msikilizaji akisie mwenyewe kama anaambiwa meli au kondoo.

Dawa ni hii. Keti na mwenzako, andikeni maneno hayo manne. Wewe unasoma moja bila kumwonyesha, yeye anaandika alilosikia. Mkipishana, rudia. Baadaye badilishaneni. Mwanzoni mtacheka sana. Mkiwa mmechoka, jirekodi kwa simu na ujilinganishe na kamusi yenye sauti. Angalia pia hiyo "i" tunayopenda kuipachika mwishoni mwa kila neno. "Bad" inaishia kwenye "d", hapo ufunge mdomo.

Kuna mahali tunawazidi wengine. Zile sauti za mwanzo wa "think" na "this" zinawatoa jasho Wafaransa na Wajerumani. Wewe unazo tangu utoto, kwenye thamani na dhahabu. Kama unasema "samani" na "zahabu", basi anza kwa kurekebisha Kiswahili, utapata faida mara mbili.

Mkazo nao ni mtihani. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza kinahamahama: "photograph" inakazwa mwanzo, "photographer" silabi ya pili, "photographic" ya tatu. Kila neno jipya unaloandika daftarini lipigie mstari mahali pa mkazo, la sivyo utalijua kwa macho na usilitambue likisemwa. Tahajia ndiyo usiitegemee kabisa. William Caxton alipeleka mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476. Maandishi yakaanza kugandia pale, midomo ikaendelea kubadilika. Ndiyo maana "though", "through", "tough" na "cough" zinafanana kwenye karatasi na kugombana masikioni.

5. Ogopa "ndiyo" kuliko sarufi

Mapokezi ya hoteli. Mgeni anauliza kwa Kiingereza: hamna chumba? Mhudumu, msichana hodari kabisa, anajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, hatuna. Mgeni anatabasamu na kuchomoa pasipoti. Mhudumu anamtazama. Wote wawili wanangoja.

Sisi tunajibu kauli ya aliyeuliza: "Hujala?" "Ndiyo." Kiingereza kinajibu hali yenyewe. Hakuna chumba? Basi ni "No", hata swali lije kwa sura gani. Jizoeze kujibu kwa sentensi nzima, "No, we don't", na mkanganyiko utaisha.

Saa ni mtego wa pili. Ukiambiwa kwa Kiingereza mkutane saa "two", kichwa kikasikia saa mbili, utafika asubuhi na kumngoja mtu hadi saa nane mchana. Weka simu yako kwa Kiingereza na uisome saa kwa sauti kila unapoitazama. Tafsiri ya kujumlisha na kutoa sita utaiacha yenyewe baada ya muda.

Wa tatu ni "he" na "she". Yeye wetu habagui mume wala mke, hivyo ulimi unamgeuza mama mkwe kuwa mwanamume bila kukusudia. Hapa sina ujanja zaidi ya kusimulia habari za ndugu zako wa kike kwa wiki nzima mpaka ulimi uzoee.

6. Neno lije na rafiki zake

Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili halafu akaambiwa "piga" maana yake ni kuchapa. Atafanya nini na piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga hodi? Kiingereza kina "piga" zake, na ni nyingi: "make", "take", "do", "get". Kwa hiyo usiandike "decision" peke yake. Andika "make a decision". Usiandike "medicine", andika "take medicine", maana ukitafsiri kunywa dawa neno kwa neno utamshangaza daktari.

Wala usikimbilie maneno makubwa. Mwalimu Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na maneno ya kiwango hicho hubeba karibu manane katika kila kumi utakayokutana nayo. Kijana anayejua "notwithstanding" na kushindwa kutumia "get" amejenga paa bila ukuta.

7. Jifunze kwa papasi

Nenda Mji Mkongwe, pale Forodhani jioni. Papasi, wale vijana wanaowafuata watalii na kuwauzia safari za visiwani, wengi hawakupita darasa lolote la lugha. Wanaongea Kiingereza, wengine na Kiitaliano juu. Wana sababu ya kuongea leo hii, na hawaoni haya. Akikosea bei, atarekebishwa papo hapo na mteja. Huna haja ya kumsumbua mtalii, lakini tafuta mtu mmoja mkubaliane nusu saa ya Kiingereza kila siku, kwa mwiko wa kuchekana.

8. "Naomba" haina mwenzake wa moja kwa moja

Kwetu heshima imo ndani ya kitenzi na kwenye shikamoo. Ukisema "Give me water" umetafsiri "nipe maji" vizuri tu, ila kwa Mwingereza umemwamrisha. Shika "Can I have" na "Could you", uzitumie hadi zitoke zenyewe. Na akikuuliza "How are you?", jibu kwa neno moja mbili. Hangojei habari za watoto, mifugo na mvua.

9. Mwalimu, hiki ni chako

Kibao cha kukataza Kiswahili kwenye uwanja wa shule hakijamfundisha mtu Kiingereza. Kinafundisha kunyamaza. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesema kwa miaka mingi kwamba kufundisha lugha ni kazi moja, na kufundishia masomo mengine kwa lugha hiyo ni kazi nyingine. Ya pili haichukui nafasi ya ya kwanza. Kwenye kipindi chako cha Kiingereza, eleza kanuni ngumu kwa Kiswahili kwa dakika mbili, kisha wape wanafunzi dakika thelathini za kuongea. Darasa lina watoto themanini? Wagawe wawiliwawili, arobaini waongee kwa pamoja. Kutakuwa na kelele, na mwalimu wa darasa la jirani atalalamika. Mwambie ni kipindi cha kuongea.

10. Badilisha kamusi mapema

Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka 1996, uwe nayo kwa maana ya haraka. Lakini mara tu unapoweza, hamia kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza. Baba wa kamusi hizo, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu Japani, na ya kwanza aliyoihariri ilichapishwa hukohuko mwaka 1942 kabla Oxford hawajaichukua; ndiyo maana inamfikiria mgeni. Siku hizi iko mtandaoni bure, na sauti inasikika. Ukilifungua neno, ruka maana uende kwenye sentensi ya mfano. Inakili, halafu iandike upya ukiweka jina la mtaa wako, bosi wako, na deni lako la duka la Mangi.