Mechi Moja Iliyochana Mkeka

Jumapili usiku, kwenye vijiwe vya bodaboda Dar es Salaam, hakosekani anayewaonyesha wenzake simu: mechi tisa zina alama ya kijani, moja nyekundu. "Mechi moja tu, ndugu yangu!" Wanampa pole, na kesho yake anaweka mkeka mwingine akiamini ushindi umekaribia. Haujakaribia. Kila anayebeti angepaswa kuiona hesabu ya mkeka kabla hela haijatoka mfukoni.

Mkeka ni ubashiri wa mechi kadhaa kwenye tiketi moja. Odi, yaani vizidishi vya malipo, za mechi zote huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha jibu likazidishwa kwa dau. Mechi tatu zenye odi 1.50, 2.00 na 1.80 zinatoa odi 5.40, dau la shilingi 1,000 linalipa 5,400, dau lenyewe likiwamo. Timu moja ikikuangusha, hupati kitu, hata kama nyingine zote zimeshinda.

Sasa faida ya kampuni inatoka wapi? Tuseme mechi ina nafasi sawa kabisa ya magoli kufika matatu au kutofika. Malipo ya haki yangekuwa odi 2.00 kila upande. Kampuni haiweki 2.00, inaweka labda 1.90. Katika mechi moja makato hayo hayaumizi sana: kila shilingi 100 unayoweka, kwa wastani wa muda mrefu, inarudi 95. Lakini kwenye mkeka makato nayo yanazidishwa. Mechi kumi za namna hiyo, kwa haki, zingelipa mara 1,024 ya dau lako. Kwa odi 1.90 zinalipa mara 613. Karibu asilimia 40 ya thamani ya tiketi imeshaondoka kabla refa hajapuliza kipenga. Ndiyo sababu kampuni hukupa bonasi ukiongeza mechi: mkeka mrefu ndio unaoilipa zaidi.

Wengi hujibu kwamba wao hawahangaiki na odi kubwa, wanachagua timu za uhakika tu. Haya, tuchukue mechi kumi zenye odi 1.25, vigogo wakicheza nyumbani. Tuseme kila mmoja ana nafasi ya asilimia 76 ya kushinda. Ukizidisha asilimia 76 mara kumi unabaki na nafasi ya asilimia 6 na kidogo. Mkeka huo unashinda takriban mara moja katika mara 16, na ukishinda unalipa kama mara tisa ya dau. Kwa dau la 1,000, kwa wastani utatumia 16,000 ili upate 9,300.

Na ile mechi moja? Kwenye mkeka huohuo, nafasi ya kukosa mechi moja peke yake ni asilimia 20. Yaani utachanikiwa na mechi moja mara tatu zaidi ya utakavyoshinda. Hii ndiyo hesabu ninayotamani ibandikwe kwenye kila kibanda cha kubeti, kwa sababu hakuna kinachowarudisha vijana dirishani kama imani kwamba juzi walikosa kidogo. Kukosa kidogo ni jambo la kawaida la mkeka mrefu, na hakusemi lolote kuhusu mkeka wa kesho.

Jakipoti, ambapo unatakiwa kupatia matokeo ya orodha nzima ya mechi, ni kali zaidi. Mechi 13, kila moja ikiwa na matokeo matatu, zina michanganyiko 1,594,323. Mechi 17 zina zaidi ya milioni 129. Kuijua ligi kunapunguza ugumu, lakini nafasi inabaki ndogo mno.

Kuna pia wanaouza "mikeka ya uhakika" kwenye WhatsApp na Telegram. Mbinu yao ni nyepesi. Muuzaji anawatumia watu 400 ubashiri wa mechi moja: nusu anawaambia timu itashinda, nusu anawaambia haitashinda. Wiki ijayo anabaki na wale 200 waliopatia, anawagawa tena. Baada ya wiki tatu kuna watu 50 walioshuhudia akipatia mara tatu mfululizo, nao ndio anaowatoza ada. Angekuwa kweli na mechi iliyopangwa matokeo, asingehitaji ada yako.

Ukiamua kubeti, soma masharti. Kwa kawaida matokeo huhesabiwa kwa dakika 90 na za majeruhi. Bao la muda wa nyongeza halikusaidii. Mechi iliyofutwa mara nyingi hupewa odi 1.00, na mkeka unaendelea kwa malipo madogo zaidi. Kitufe cha kutoa hela mapema nacho kwa kawaida hukupa pungufu ya thamani halisi ya tiketi wakati huo. Hakikisha kampuni ina leseni, kwa Tanzania ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kumbuka aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa.

Panga kiasi cha mwezi ambacho kikipotea chote hakuna atakayelala njaa wala mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ada. Kikiisha, umemaliza. Ukiona unakopa ili ubeti, unamficha mkeo au mumeo miamala ya simu, au unaongeza dau ili kurudisha hela iliyoliwa, usisubiri mkeka wa kukuokoa. Iandikie kampuni ikufungie akaunti, futa programu yake kwenye simu, na mwambie mtu mmoja unayemwamini kiasi kamili unachodaiwa, ili mpange pamoja namna ya kulipa.