KUBUNI VYOMBO VYA MCHEZO WA VIDEO
(Somo kwa wanafunzi wa kalasi zote)



Kama munavyojua, katika saa ya infomatiki kila kikundi kinabuni mchezo wa video. Tunaanza juu ya karatasi, halafu zamu ikifika tunaingia kwenye ordinateri. Nilipewa kazi ya kukusanya karatasi za vikundi. Nimekuta mapanga ya Japani, bunduki, fimbo za uchawi za sinema na magari ya mbio. Kitu cha hapa kwetu, hata kimoja, hakikuwamo.

Tufikiri kidogo. Ndani ya mashine za mchezo na simu kuna shaba, na betri nyingi ziko na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, katika Haut-Katanga na Lualaba. Basi, mawe yetu yamekwisha kuingia ndani ya mashine. Ni mawazo yetu njo hayajaingia. Juu ya hiyo nimeandika somo hili.

I. CHOMBO NI NINI?

Katika mchezo, chombo ni kila kitu ambacho mchezaji anaweza kushika, kubeba, kununua ao kutumia: ufunguo, taa, kamba, feza, mtumbwi. Uzuri wa sura hautoshi. Kila chombo kinapashwa kujibu maswali manne:

1. Kinafanya kazi gani?
2. Kinapatikana kwa jasho gani?
3. Kiko na uzaifu gani?
4. Mchezaji atajua namna gani kazi yake kwa kukitazama tu, bila kusoma?

Swali la tatu njo tunasahau sana. Panga lenye kukata kila kitu bila kuchakaa linamaliza mchezo siku ya kwanza, na mchezaji anaenda kulala. Uzaifu wa chombo njo unamfanya mtu afikiri.

II. MFANO WA KWANZA: MUSALABA WA SHABA

Wazee wetu waliokota jiwe la kijani, malakiti. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia jiwe pamoja na makala ya miti, wakapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka. Kisha waliimwaga ndani ya umbo, ikatoka yenye mikono minne kama herufi X. Huu si musalaba wa kanisa. Ulikuwapo kabla ya misionere wa kwanza kufika inchi hii.

Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya zamani katika miaka 1957 na 1958. Walikuta misalaba ya shaba pamoja na maiti. Ile ya nyakati za nyuma ilizidi kuwa midogo na ya kipimo karibu kimoja, na kwa hiyo wataalamu wanasema ilitumika kama feza. Tena bendera ya Katanga ya miaka 1960 hadi 1963 ilikuwa na misalaba mitatu ya namna hii.

Sasa tuufanye chombo cha mchezo:

Kazi: kununua mtumbwi, ao kumaliza kesi mbele ya chifu.
Jasho: mawe ya kijani 2, makala 3, na rafiki mmoja wa kupuliza moto. Mchezaji peke yake hawezi.
Uzaifu: uzito. Mwenye kubeba misalaba 5 hawezi kukimbia. Mtumbwi ukipakia zaidi ya 8 unazama.
Alama: rangi nyekundu ya shaba, na kutu ya kijani kwenye pembe.

Muone: hatukubuni uongo wowote. Uzito ni wa kweli, moto ni wa kweli, na kazi ya kupuliza ilihitaji watu kweli. Kazi yetu ilikuwa kuchagua tu.

III. MFANO WA PILI: MGONO

Huu hauna lazima ya kueleza mingi kwa watu wa Kapolowe. Mgono wa samaki uko na mlango mpana na koo jembamba: samaki anaingia, kutoka hawezi. Katika mchezo, mgono unafanya kazi wakati mchezaji amelala. Jasho lake ni kusuka. Uzaifu wake: ukiwekwa fasi ya maji makali unabebwa, na usipoutazama asubuhi, mwingine anakuja kuiba. Kwa hiyo mchezaji anafundishwa kujua maji na kuamka mapema. Watoto wa wavuvi wa ziwa Tshangalele wanajua hii bila shule.

IV. MFANO WA TATU: LUKASA

Lukasa ni ubao mdogo wa Waluba, wenye kushikwa kwa mkono mmoja. Juu yake kuna shanga na makombe, kila moja fasi yake. Hakuna herufi. Mwenye kufundishwa katika chama cha Mbudye anapitisha kidole juu ya shanga na kusimulia wafalme, safari na fasi za inchi. Mwenye hakufundishwa anaona shanga tu.

Hapa uzaifu umekwisha kuwamo ndani ya chombo chenyewe. Katika mchezo, kijana anaweza kuokota lukasa mwanzoni kabisa, lakini haimsaidii kitu mpaka atafute muzee wa kumsomea. Na muzee akifa kabla, njia ile imefungwa. Mchezo mwingi unamwambia kijana: «Tafuta upanga.» Mchezo huu unamwambia: «Tafuta muzee.»

V. KUCHORA

Usiseme: «Mimi sijui kuchora.» Katika mchezo wa Minecraft, picha ya chombo ni miraba 16 kwa 16, jumla miraba 256. Kaye ya hesabu inatosha. Bwana Shigeru Miyamoto wa Japani alipobuni mtu wa Donkey Kong, aliyeitwa baadaye Mario, mwaka 1981, miraba ilikuwa michache sana. Alimvika kofia sababu nywele zilikuwa nguvu kuchora, na alimpa masharubu ili pua ionekane. Umasikini wa miraba njo ulizaa sura ile.

Fanya hivi: kata muraba wa 16 kwa 16. Chora kwanza kivuli cha chombo kwa kreyo nyeusi peke yake. Onyesha mwenzako kwa mbali. Kama hatambui, rangi haitakusaidia; anza tena. Akitambua, tia rangi tatu ao ine, si zaidi.

VI. MKRISTO ANAWEZA KUFANYA KAZI HII?

Wengine wamesema kwamba kuchora vitu vya wazee ni kurudia upagani. Neno hili si la kucheka, lakini tusome Biblia. Katika Kutoka 31, Mungu anamjaza Besaleli roho yake ili abuni kazi ya zahabu, feza na shaba. Katika Kutoka 35, anampa yeye na Oholiabu moyo wa kufundisha wengine. Tena katika Hesabu 21, Musa alitengeneza nyoka wa shaba, na watu walioumwa walimtazama wakapona. Lakini soma na 2 Wafalme 18: miaka mingi nyuma, watu walikuwa wakimfukizia uvumba yule nyoka, na mfalme Hezekia alimvunja.

Shaba ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni magoti ya watu. Basi tuchore lukasa kama chombo cha kukumbuka, na tusimpige mtu magoti mbele yake, hata ndani ya mchezo. Na bunduki tunazochora bila swali lolote, nazo tuzipime kwa kipimo hikihiki.

VII. KAZI YA JUMA HILI

Mwaka 2016, wenzetu wa Kiro'o Games, kule Yaoundé, Kameruni, walitoa mchezo wa Aurion, wenye kujengwa juu ya hadizi na mila za Afrika. Walikuwa Waafrika kama sisi, na umeme wa kukatika wanaujua.

Kila kikundi kilete vyombo vitatu. Kimoja kitoke jikoni, kimoja kazini kwa mzazi, kimoja kwa muzee wa miaka zaidi ya 60. Mumuulize muzee jina la kitu kwa luga yake, kilifanywa na nini, na kilikuwa kikiharibika namna gani. Mujibu maswali manne, kila chombo karatasi yake. Mufanye haraka kwa upande wa wazee. Ordinateri itangoja zamu. Wao hawawezi kungoja.

Mungu awabariki.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho