Mafunzo Niliyopata Nikitunza Nyumba Kubwa ya Shamba Ufaransa

Familia moja ya Berry, katikati ya Ufaransa, huniachia nyumba yao kila inaposafiri. Ilijengwa karne ya 19: ghorofa, paa la sleti, miti mirefu pande zote. Wanakijiji huiita kasri. Wenyewe huona haya kidogo.

1. Fedha huishia juu. Sleti moja ikiteleza, maji hupenya taratibu kwenye kenchi, na doa likionekana darini mbao zimeshaoza. Majani ya vuli nayo huziba mifereji ya zinki. Ngazi nimeitumia zaidi kuliko funguo.

2. Saruji ni adui. Kuta za mawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji, maji hunaswa ndani na mawe humeguka. Aliyekulia Mji Mkongwe, Zanzibar, hahitaji kuelezwa hili. Fundi wa Berry alishangaa kuona nalijua.

3. Madirisha mengi yalikuwa majivuno. Kuanzia 1798 hadi 1926 Ufaransa ilitoza kodi ya milango na madirisha, na kuna walioyaziba kwa matofali ili wasilipe. Tajiri aliyejiwekea safu nzima alikuwa akitangaza mfuko wake. Leo joto hupotelea humohumo, na Januari familia yote huhamia jikoni.

4. Mirathi inatisha kuliko mvua. Tangu Sheria ya Kiraia ya 1804, mzazi hawezi kumpa mtoto mmoja kila kitu. Kila mtoto ana fungu lake. Nyumba basi hubaki mikononi mwa ndugu wote, na yeyote kati yao anaweza kudai mgawanyo. Aliyebaki kijijini anataka paa litengenezwe. Wa Paris, anayekuja Agosti tu, anataka chake. Nimewasikia wakibishana hivyo mezani, jibini ikipita mkono kwa mkono, na hakuna aliyekuwa mkorofi: wote walikuwa na haki. Wasipoelewana, nyumba huuzwa.

5. Bei ya kununua hudanganya. Vijijini, nyumba ya namna hii huweza kugharimu chini ya fleti nzuri ya Paris. Mnunuzi hufurahi mpaka fundi wa paa alete makadirio.

Ukiwa Ufaransa wikiendi ya tatu ya Septemba, katika Siku za Urithi zilizoanza 1984, baadhi ya wenye nyumba hizi hufungua milango. Nenda. Wakitoza kiingilio, lipa bila kunung'unika. Fedha hiyo inakwenda kwenye paa.