Somo la Ufugaji: Hesabu ya Panya wa Kulisha Nyoka

Mtu anayefuga nyoka wachache nyumbani hana budi kujua, kabla ya jambo lingine lolote, chakula chao kitatoka wapi. Nyoka wengi wanaofugwa hula panya. Hawali pumba, ugali wala makombo ya jikoni. Ieleweke kwanza kwamba nyoka ni mnyamapori. Nchini Tanzania kumfuga kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na Kenya wana sheria yao ya mwaka 2013. Katibu akiletewa ombi lolote linalohusu kazi hii, aombe kibali kabla ya kufungua daftari.

Wako wanaodhani kuwa panya wa ghalani, kwa kuwa ni wa bure, watatosha. Sivyo. Panya wa ghalani huenda amekwisha kula sumu iliyowekwa na jirani, na sumu hiyo yaweza kumdhuru nyoka atakayemmeza. Tena hubeba viroboto na maradhi. Wilaya ya Lushoto iliteswa na tauni kuanzia mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka ishirini. Na mwaka 2022 mkoani Lindi ilizuka homa ya mgunda, ambayo vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Kumkamata panya wa namna hiyo kwa mkono ili kumlisha nyoka ni kununua ugonjwa.

Afadhali panya weupe wadogo, wale wanaofugwa katika maabara. Jike huchukua mimba siku 19 hadi 21, huzaa watoto sita hadi kumi au zaidi, na watoto huacha kunyonya wakiwa na siku 21. Wakifika wiki sita hadi nane nao wako tayari kuzaa. Jike aliyeachwa pamoja na dume huweza kushika mimba nyingine katika muda wa siku moja baada ya kujifungua. Hapo ndipo penye faida ya mnyama huyu, na ndipo penye hatari yake.

Chukuliwe mfano wa mfugaji mwenye nyoka wanne wazima wa umbo dogo, kila mmoja akila panya mzima mmoja kila baada ya siku kumi. Kwa mwaka watahitaji panya 146. Jike anayepumzishwa, akazaa kila baada ya wiki sita na kukuza watoto sita, hutoa panya wapatao 52 kwa mwaka. Kwa hiyo majike matatu na dume mmoja wanatosha: watatoa kama 156, na wale kumi wa ziada watatumika kuziba pengo la wazazi waliozeeka. Hakuna haja ya jike la nne.

Kosa la kawaida ni kuanza na majike kumi kwa kuwa bei yao ni ndogo. Bei ya panya si neno. Neno ni tumbo lake. Panya mzima hula gramu 4 hadi 5 kwa siku, yaani hadi kilo 1.8 hivi kwa mwaka. Mia moja wasio na kazi watakula hadi kilo 180 za chakula, na wakati huo wanazaana. Mwenye kutaka kujua hasara yake azidishe kilo hizo kwa bei ya dukani kwake.

Hesabu hiyo yafaa izingatiwe na kamati za mikopo. Mwanachama anaweza kuja na shauri la kufuga panya kwa ajili ya kuuza. Aulizwe wanunuzi ni akina nani, nao wawe na vibali, na wawe wameandika kiasi watakachochukua kila mwezi. Soko hili ni dogo mno. Wafugaji wa Kenya waliokimbilia kware mwaka 2013 waliyaona ya 2014: waliotangulia waliwauzia ndege waliofuata, na waliofuata wakabaki na mayai yasiyo na mnunuzi. Bila barua ya mnunuzi, hii ni shughuli ya nyumbani wala si mradi wa kukopeshwa.

Kizimba kiwe cha wavu wa robo inchi au ndoo pana yenye mfuniko wa wavu, kisiwekwe jikoni wala juani. Joto likipita nyuzi 30 panya hudhoofika. Maranda yabadilishwe kila wiki, maana harufu kali ya mkojo huharibu mapafu yao. Maji yasikosekane hata siku moja: jike mwenye kiu au anayesumbuliwa hula watoto wake. Chakula cha kuku wa mayai, nafaka na majani mabichi kidogo vyatosha. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara.

Nyoka apewe panya aliyekwisha kufa. Panya aliye hai hung'ata, na jeraha lake limekwisha kuwaua nyoka wengi. Namna ya kumuua haraka bila mateso mfugaji afundishwe na bwana mifugo. Kumtia mnyama hai ndani ya jokofu si njia ya haki. Unene wa panya usizidi unene wa nyoka mahali alipo mnene zaidi.

Daftari liwe na safu nne: tarehe, waliozaliwa, walioliwa, waliobaki. Nyoka anayekaribia kujivua ngozi hukataa kula, pengine wiki mbili. Safu ya waliobaki ikianza kupanda, dume atolewe siku hiyo hiyo awekwe peke yake, na watoto wa kiume watenganishwe na wa kike kabla ya kutimiza wiki tano.