Somo la Robo Hii: Je, Usharika Ununue Bunduki?

Masomo: Kutoka 22:2-3, Nehemia 4:7-23, Luka 22:47-51



Somo hili limetokana na kikao. Katika usharika mmoja wezi walivunja nyumba ya mtunza hazina usiku wa Jumapili ya mavuno. Walimkata mlinzi panga mkononi, wakaondoka na sadaka yote. Kamati ilipokutana, hoja ya kwanza ilikuwa kununua shotigani na kuwapeleka vijana wawili wakajifunze kulenga shabaha. Tuliombwa fedha hizo zitoke katika fungu la mradi.

Mzee mmoja, askari mstaafu, aliomba nafasi akauliza maswali matatu. "Nani atalala na silaha hiyo? Nani atamfundisha, na kwa muda gani? Akikosea, nani ataenda kwa mama wa marehemu?" Hakuna aliyejibu upesi. Tuyachukue maswali hayo kama mwongozo wetu.

1. Neno linatufundisha nini

Kitabu cha Kutoka kinatofautisha usiku na mchana. Mwizi akipigwa akafa wakati anavunja nyumba usiku, mwenye nyumba hahesabiwi hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, hatia ipo. Usiku mtu hajui anayemjia amekusudia nini; mchana anaweza kumtambua na kuita majirani. Kwa hiyo sheria ile ile inayomlinda mwenye nyumba inamlinda na mwizi.

Nehemia na wenzake waliomba, kisha wakaweka walinzi usiku na mchana. Kuweka ulinzi si kukosa imani. Lakini kule bustanini, mwanafunzi aliyevuta upanga alimkata sikio mtumwa, siyo wakubwa waliomtuma. Yesu akaligusa sikio lile akaliponya. Silaha ikitolewa kwa haraka, mara nyingi humpata asiye mwenye shauri.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaieleza amri ya tano kwa pande mbili: tusimdhuru jirani, na tumsaidie katika mahitaji ya mwili wake. Mlinzi wetu ni jirani. Kumwacha peke yake gizani na rungu, akilinda fedha nyingi, nako ni kuivunja amri hiyo.

2. Sheria ya nchi

Hapa Tanzania silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa na kupitia kamati za ulinzi na usalama. Silaha si jembe la kuazimana. Kijana hawezi kupokea zamu na bunduki ya mzee kwa sababu tu wote ni wa usharika mmoja.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Lakini nguvu inayotumika lazima iwe ya kiasi na ya lazima kwa utetezi huo. Anayempiga risasi mgongoni mwizi anayekimbia na mfuko wa sadaka atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza mahakamani.

3. Mafunzo yenyewe ni nini

Wengi hudhani mafunzo ni kupiga chupa kwa mbali. Jeff Cooper, askari mstaafu wa Marekani aliyeanzisha shule ya silaha ya Gunsite huko Arizona mwaka 1976, alieneza kanuni nne ambazo wakufunzi wengi huzitumia:

- Ihesabu kila silaha kuwa ina risasi.
- Usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu.
- Weka kidole mbali na kifyatulio mpaka uwe umelenga.
- Hakikisha unamjua unayemlenga, na kilichoko nyuma yake.

Tuipeleke kanuni ya nne kwenye viwanja vyetu. Nyuma ya mwizi kuna nyumba ya mchungaji, zahanati, au bweni la watoto. Risasi ya bastola hupenya ukuta mwembamba na mlango wa mbao. Pasipo taa, kanuni hii haishikiki.

Halafu kuna suala la muda. Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, alieleza kwamba mtu mwenye kisu aliyeko mita 6 na nusu hivi hukufikia kwa sekunde moja na nusu. Muda huo ni sawa na ule anaohitaji askari aliyefundishwa kuchomoa bastola na kupiga. Mwenye panga naye hakawii zaidi. Uchambuzi wa taasisi ya RAND wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa polisi wa New York, kati ya 1998 na 2006, walipata shabaha kwa wastani wa asilimia 18 tu walipokuwa wakirushiana risasi na wahalifu. Hao ni watu wa kazi hiyo. Kijana wetu wa mafunzo ya siku tatu atapata ngapi?

4. Mfano wa Texas

Haki inatutaka tutaje upande wa pili. Tarehe 29 Desemba 2019, katika kanisa moja mjini White Settlement, Texas, mtu aliinuka ibadani na kuwapiga risasi waumini wawili, wakafa. Muumini wa kikosi cha ulinzi alimwangusha kwa risasi moja, na tukio lote lilichukua sekunde sita hivi. Bila shaka aliokoa maisha. Lakini alikuwa mkufunzi wa silaha na askari wa akiba wa zamani, na mmoja wa waliokufa alikuwa mlinzi mwenzake, aliyeuawa akiichomoa bastola yake. Silaha ilisaidia pale palipokuwa na mazoezi ya miaka mingi, na hata hapo haikumwokoa kila mtu.

5. Tufanye nini kwanza

Usharika ule haukununua bunduki. Ulikubaliana haya:

- Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua watatu, mara baada ya ibada.
- Fedha zisilale nyumbani kwa mtu. Washarika wahimizwe kutoa kwa simu au benki.
- Siku ya mavuno, polisi waombwe mapema kusindikiza fedha.
- Taa ziwekwe uwanjani, na walinzi wawe wawili, wenye filimbi na simu.
- Ikilazimu ulinzi wa silaha, ukodiwe kwa kampuni yenye kibali.

Kwa wafadhili wetu: fungu la mradi halikuguswa kwa silaha. Tuliomba ruhusa litumike kwa taa na matibabu ya mlinzi, tukaipata. Amerudi kazini, ingawa vidole viwili havikunji tena. Taa zetu zimekuja baada ya jeraha lake. Sharika nyingine zisingoje hivyo.

Maswali ya majadiliano

1. Usiku wa leo, fedha za usharika wetu ziko wapi, na nani anazijua?
2. Mlinzi wetu analipwaje, na akiumizwa tutamtunzaje?
3. Tungeyajibuje maswali matatu ya yule mzee?

Tuombe: Bwana, ulinde walinzi wetu, uwageuze wanaotuvizia, utupe hekima ya kutunza watu kabla ya fedha. Amina.